Debe la Pilipili la Bibi Salome

Siku mliyoniaga ofisini mlinivisha kitenge, mkanipigia vigelegele, kisha mmoja wenu akaninong'oneza, "Mama, ukishaondoka, wale watu wa pilipili tutawaambia nini?" Nilicheka, lakini swali lile nimetembea nalo tangu siku hiyo. Watu wa pilipili mnawajua. Haji mtu na habari ya shamba la mahindi wala ya ng'ombe. Anakuja na jani moja lililojikunja, kalifunga kwenye karatasi ya daftari la mtoto, anataka kujua kwa nini mche wake mmoja nyuma ya nyumba hauzai. Nawaandikia kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya Bibi Salome wa Chala, ambaye mche wake ulikuwa umebeba mzigo mkubwa kuliko pilipili. Vyeo sitavigusa. Mshahara nao mnaujua, maana mnaupokea huohuo.

Nilizaliwa kijiji cha Kate, nikasomea kilimo, nikapangiwa kituo Sumbawanga mjini. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kisigino. Aliyenipokea alikuwa Mzee Sabas, bwana shamba mrefu, mkavu, mwenye sweta la kijivu ambalo sikumbuki kuliona limevuliwa. Alinitazama miguuni, akaingia stoo, akatoka na mabuti ya mvua ambayo miguu yangu yote miwili ingeweza kuenea katika moja. Akanipeleka nyuma ya ofisi, penye ndoo kuukuu iliyooteshwa mche wa pilipili. Mche ulikuwa umesinyaa, maua yamepukutikia chini.

"Una shida gani huu?" akaniuliza.

Nikaanza. Nilitaja magonjwa ya ukungu, ya bakteria, ya virusi, nikataja na wadudu, mengine kwa majina ya kitabuni. Mzee Sabas alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Una baridi," akasema, akaisukuma ile ndoo kwa mguu mpaka kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Baada ya wiki chache mche ulikuwa na maua mapya, na yakashika.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na sina hakika kama nimewahi kupata lililo kubwa zaidi. Kule chini ziwani, Wampembe na kwingineko, kuku hula pilipili, hunya mbegu, na kichaka huota chenyewe mlangoni. Huku juu Ufipa pilipili ni mgeni. Mgeni akinyong'onyea usianze kumpa dawa. Mwulize kwanza kama amelala vizuri.

Vifaa vya Mzee Sabas vilikuwa kisu kidogo, kioo cha kukuzia alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu, na kidole. Kidole alikithamini kuliko vyote. Unakizamisha kwenye udongo. Ukikuta ukavu mpaka kwenye kiungo cha pili, mwagilia hadi maji yatokee chini ya chombo. Ukikuta ubichi, ondoka, hata kama jirani yako anamwagilia wa kwake na wewe unaona wivu. Lakini mwenyewe alikuwa mtu wa ugoro, na tumbaku hubeba ugonjwa unaoipata pilipili, unaoyafanya majani yawe na mabaka. Kwa hiyo Mzee Sabas hakugusa mche wa mtu kabla ya kunawa kwa sabuni, na asipopata sabuni alisimama mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, anaelekeza kwa kidevu. Wakulima wengi walidhani anajivuna. Alikuwa anawahurumia tu.

Kwake nilijifunza kusia mbegu kwenye chombo kifupi chenye udongo laini na mchanga, na kukiweka jikoni karibu na mafiga, si juu ya mafiga. Nasisitiza kwa sababu kuna mama mmoja wa Chala alinielewa vibaya, tukapata mbegu za kukaanga. Mbegu za pilipili hazina haraka. Ukianza kuzifukua kuangalia kama zimeota, umeziua. Miche ikipata majani kadhaa ya kweli, izoeshe nje kidogo kidogo, mchana nje, jioni ndani, ndipo uhamishe. Ikifika kimo cha shubiri hivi, kata kilele ili itoe matawi. Watu huumia sana wakiambiwa wakate kilele. Hushika ule mche kana kwamba nimewaambia wamkate mtoto sikio.

Halafu mbolea. Mwalimu mmoja wa pale mjini aliniita nikaone maajabu. Mche wake ulikuwa umefika dirishani, majani mapana kama ya tumbaku, lakini hakuna hata ua. Kumbe alikuwa anaupa mbolea ya kukuzia mahindi kila alipoikumbuka, na aliikumbuka mara nyingi. "Nilitaka ushibe, Bibi Shamba," akaniambia kwa unyonge. Nikamwambia ameshiba sana huyo, sasa amelala. Tukaacha mbolea, tukapunguza matawi, tukasubiri. Nilimhurumia yule mwalimu. Katika miaka yangu yote nimeona miche michache sana iliyokufa kwa kusahauliwa. Mingi imekufa kwa kupendwa.

Ndiyo maana nakuja kwa Bibi Salome.

Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Chala, na Mzee Sabas alikuwa ameshastaafu. Asubuhi moja, mvua zikiwa zinaishia, aliingia ofisini mwanamke wa makamo aitwaye Anastazia. Alikuwa anauza maharage sokoni, tulifahamiana. Aliketi, akashika ukingo wa meza yangu, akaanza kulia kabla hajasema neno.

Nilidhani kuna msiba. Kumbe ni pilipili.

Mama yake, Bibi Salome, alikuwa ameishi Wampembe maisha yake yote. Mumewe alifariki, watoto wengine wakatawanyika, naye akabaki peke yake, miguu imeanza kumsaliti, kila mara anaanguka akienda ziwani kuchota maji. Mara ya mwisho alilala chini mpaka wapita njia walipomwokota. Ndipo Anastazia na mumewe Fidelis wakamleta Chala. Lakini mama hakutaka kuja. Alikuja na furushi lake na mbegu za pilipili amezifunga kwenye pindo la khanga, ile pilipili ndogo iliyosimama ikitazama juu, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Kule nyumbani, kila aliyepita na samaki wake, migebuka ya ziwani, alichuma mlangoni kwake.

"Akaniambia hivi," Anastazia alisema, "'Nitaisia mbegu yangu hapa kwenu. Ikizaa, nitajua hata mimi naweza kuishi kwenye hii baridi yenu. Ikifa, mnipandishe gari nirudi.' Bibi Shamba, mama akirudi kule peke yake, siku moja ataanguka na hataokotwa. Na ule mche unakufa. Mbegu zote zimekwisha, umebaki huo mmoja."

"Kwa nini msinunue mche mwingine sokoni mkauweka pale pale?" nilimuuliza, maana hata mimi nina ujanja wangu.

Alinitazama kama nimetukana. "Unadhani hataujua?"

Nilivaa mabuti, nikachukua kioo changu na kisu, tukaongozana.

Bibi Salome alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amejifunga khanga mbili na juu yake blanketi, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari wa miti?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Mgonjwa yule pale. Mtazame, lakini usimdanganye."

Mche ulikuwa katikati ya ua, juu ya tuta kubwa la mviringo. Mtu wa Ufipa haulizi lile ni tuta gani. Ni intumba, jinsi tunavyolima tangu wazee wa wazee wetu: mwishoni mwa mvua unapindua majani mabichi na kuyafukia chini ya udongo, yaoze taratibu, na msimu unaofuata unalitawanya tuta na kupanda ulezi. Hili lilikuwa limejengwa kwa ustadi, limepigwa jembe likawa laini kama kichwa cha mtoto, na samadi ya ng'ombe ilikuwa imewekwa bila uchoyo. Aliyelijenga ni Fidelis. Mama mkwe ameletwa nyumbani kwake, ana mmea anaoupenda. Mkwe mwema atafanya nini kama si kuujengea tuta bora kuliko yote katika Chala? Nilimwona amesimama mbali, karibu na zizi, anajifanya anakagua nira ya ng'ombe.

Majani ya mche yalikuwa yanageuka manjano kuanzia chini. Maua yalikuwa yameanguka. Nilizamisha kidole, nikakitoa kimeloa. Nikachimba pembeni kidogo. Udongo ulinuka kama maji ya vyombo yaliyolala. Majani ya ndani yalikuwa bado mabichi, yanaoza na kuchemka, na mizizi ya pilipili imekaa katikati ya ule mchemko.

"Nani anamwagilia?" niliuliza.

"Mimi," alisema Bibi Salome. "Kila jioni."

Anastazia akashika mdomo. "Na mimi mchana nikitoka sokoni. Kidogo tu. Nilidhani mama miguu inamsumbua."

Kule zizini mtu akakohoa.

"Anastazia," alisema Fidelis bila kugeuka, "mwambie mama kwamba na mimi huwa naumwagilia. Alfajiri, kabla hajaamka."

Bibi Salome alikuwa umbali wa hatua chache tu, amesikia kila neno. Alitazama ukuta. "Anastazia, mwambie mwenzio nimesikia."

Ninyi vijana wa siku hizi mnataniana na mama wakwe zenu kwenye simu, mnawatumia na picha za kuchekesha. Fidelis hakulelewa hivyo. Kwao mkwe hamsogelei mama mkwe, hamwangalii usoni, hakai naye jiko moja, na neno lake linapitia kwa mke. Ilikuwa heshima, na aliishika kwa moyo wote. Lakini nyumba nzima ilikuwa inauzamisha mche mmoja, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu kwa siri, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nilijifanya nasafisha kioo.

Sikumwambia Fidelis kwamba tuta lake lilikuwa kosa. Nilimwambia ni tuta zuri lililopata mmea mapema mno, na hiyo ni kweli. Tulitafuta debe la mafuta, tukalitoboa chini matundu, tukaweka kokoto. Udongo tuliuchukua kwenye tuta lake la mwaka jana ambalo hakuwa amelitawanya, lililokwisha kuoza na kutulia, tukachanganya na mchanga. Tuling'oa mche taratibu, nikakata mizizi iliyooza, nikapunguza matawi, tukaupanda kwenye debe na kuliweka kwenye ukuta wa jiko unaopata jua.

Kisha nikagawa kazi. Maji ni ya Bibi Salome peke yake, kwa kidole, si kwa saa. Debe ni la Fidelis: asubuhi nje, jua likianza kushuka ndani jikoni. Baridi ya Juni na Julai hapo Chala mnaijua. Mche ukibaki nje, asubuhi utaukuta umeiva kama mchicha.

"Jikoni?" Anastazia aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mama si hukaa jikoni jioni?"

"Basi mtajipanga," nilisema.

Wakajipanga. Nikipita jioni nilikuta kichekesho: Fidelis anapiga hodi mlango wa mbele wa jiko, Bibi Salome anatoka kwa mlango wa nyuma, Fidelis anaweka debe na kutoka, bibi anarudi kwenye moto wake. Lakini mche ulitoa majani mapya. Bibi alianza kula kidogo zaidi, ingawa alilalamika kwamba chakula cha Ufipa kinamezwa tu, hakisemi na mtu. Furushi lake lilikuwa bado limefungwa, liko miguuni mwa kitanda chake.

Julai ilipokolea, Anastazia alikwenda Sumbawanga kumuuguza binti yao aliyejifungua kwa shida. Alikaa huko siku nyingi. Hapo ndipo simu yangu ikaita, asubuhi, nikiwa natengeneza bomba la kupulizia dawa.

"Bibi Shamba, ni Fidelis. Jana nilichelewa kutoka kusaga mashineni, sikuliingiza debe. Mama hawezi kulinyanyua. Leo mche umepukutisha majani yote. Yote kabisa, umebaki fimbo. Na mama amevaa viatu, amekaa na furushi mlangoni. Nimemtuma mtoto wa jirani akamwambie asubiri, amesema anasubiri gari tu."

"Chukua kucha," nilimwambia, "ukwangue gome la shina, pale chini karibu na udongo. Ukiona kijani, haujafa. Umejivua nguo tu, utavaa tena."

Alikwenda, simu iko sikioni. Nilisikia anavyohema. "Kijani," akasema. "Bibi Shamba, ni kijani."

"Basi mwambie mama."

"Nimwambie... Anastazia hayupo. Nani atamwambia?"

"Wewe."

Nilidhani simu imekatika.

"Fidelis," nilisema, "heshima yako anaijua. Sasa anahitaji kujua kama unamtaka hapa nyumbani."

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bibi Salome mwenyewe. Alisema mkwe wake alikuja amebeba debe, akaliweka chini mbali kidogo naye, akapiga magoti kwenye vumbi na kugeuzia uso pembeni kama mtu anayeungama. Akasema, "Mama, njoo uone. Bado uko hai. Naomba usiondoke." Bibi akasogea, akakwangua kwa kucha yake karibu na pale alipokwangua Fidelis. Akaona kijani. Na neno la kwanza alilomwambia mkwe wake mdomo kwa mdomo lilikuwa hili: "Una kucha ngumu, baba. Umeuchuna sana."

Akavua viatu. Lakini furushi hakulifungua. "Tumekubaliana kuzaa," alisema, "hatukukubaliana kupona."

Kuanzia hapo debe halikulala nje tena. Hodi ya Fidelis ilipopigwa jikoni, bibi alibaki alipokuwa. Joto liliporudi, ile fimbo ikachipua kila kifundo. Vidukari walikuja na machipukizi, kama kawaida yao, tukawaosha kwa maji ya sabuni ya kufulia, mepesi, chini ya majani wanakojificha. Maua yalikuja, meupe, madogo, na mimi nikawaambia waache kuyahesabu. Mvua za kwanza zilipoanza, pilipili zilikuwa zimesimama, kijani, kisha zikaanza kuiva.

Niliitwa kula nao siku ya kuchuma, Anastazia naye akiwa amesharudi. Kulikuwa na ugali wa ulezi, maharage, na migebuka mikavu ambayo Fidelis alikuwa ameiagiza kutoka ziwani bila kumwambia mtu. Bibi Salome alichuma pilipili ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, nyekundu kabisa. Sote tulidhani ataila. Aliiweka kwenye kisahani, akamsogezea Fidelis.

"Mama, mimi pilipili sijawahi..." alianza Fidelis.

"Wewe ndiye uliyeibeba," alisema bibi. "Kula."

Fidelis aliitia mdomoni yote, na kikonyo chake. Nilitaka kumzuia lakini nilikuwa nimechelewa. Alitafuna. Uso ukabadilika, machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu, mikono ikashika magoti, lakini hakutema. Alimeza, akavuta pumzi, akamtazama mama mkwe wake usoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Tamu, mama," akasema.

Bibi Salome alicheka mpaka blanketi likamdondoka mabegani. Akafuta macho yake kwa pindo la khanga, lile lililobeba mbegu, akavuta sahani ya ugali karibu.

"Anastazia," alisema, "kalifungue lile furushi langu."